Kusoma Siyo Kutamka Tu



Katika parokia zetu, kijana anayesoma vizuri husifiwa upesi. Anasimama kwenye mimbari, sauti yake inafika hadi mlangoni, hakosei majina magumu ya miji ya kale, anaheshimu nukta na mkato. Watu wazima husema: huyo anajua kusoma. Sifa hiyo ni ya haki, kwa maana anayesoma vibaya huwanyima wenzake. Lakini ni mara chache tunamwuliza msomaji huyo, baada ya ibada, swali dogo hili: yale uliyoyasoma yalisema nini? Naona kwamba swali hilo ndilo moyo wa kusoma, na kwamba hapa kwetu, katika nchi ya shaba na kobalti, kutouliza kunaleta hasara inayohesabika kwa fedha na kwa ardhi.

Tuanze na jicho. Wengi hudhani kwamba jicho hupita juu ya mstari kama gari la moshi juu ya reli, bila kusimama. Sivyo ilivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mfaransa Émile Javal alieleza kwamba jicho la msomaji huenda kwa kurukaruka: linatua mahali, linaona herufi chache, kisha linaruka tena. Kila kituo huchukua karibu robo ya sekunde, na wakati wa kuruka jicho haliambulii kitu. Basi ule mfululizo wa maneno tunaousikia moyoni tunaposoma hauko tayari kwenye karatasi. Akili ndiyo inayouunga. Karatasi inatoa alama. Msomaji anatoa maneno anayoyajua, mambo aliyoyaona, na matarajio ya kile kitakachofuata. Maana huzaliwa pale pande hizo mbili zinapokutana.

Chukueni neno moja tu: makala. Kwetu Kolwezi, makala ni kile mama anachonunua kwa gunia ili apike bukari. Katika magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, makala ni maandishi kama haya mnayoyasoma sasa. Herufi ni zile zile sita. Mtoto wetu akikuta mahali pameandikwa kwamba makala fulani yanaeleza historia ya mji, ataweza kutamka kila silabi bila kosa, na bado atabaki na gunia jeusi mbele ya macho yake. Akisimama na kujiuliza, ameanza kusoma kweli. Akipita bila kujiuliza, ametamka tu.

Tazameni pia vilima vyetu. Kilima chenye shaba hutambulikana kwa mbali: miti haioti juu yake, na mahali hapo peupe huota majani na maua machache yanayostahimili udongo wenye madini. Mgeni anayepita barabarani anaona kilima kipara. Anayejua mambo ya madini anaona kilima hicho hicho na kusema: hapa pana shaba. Tofauti yao haiko machoni. Iko katika yale ambayo kila mmoja alikuja nayo.

Watafiti wameupima ukweli huo kwa wasomaji wa vitabu. Mwaka 1988, Donna Recht na Lauren Leslie wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya na vijana wa shule. Waliwapa kusoma habari ya mchezo wa besiboli. Baadhi yao walihesabiwa kuwa wasomaji hodari na wengine dhaifu. Baadhi waliujua mchezo na wengine hawakuujua. Ikaonekana kwamba wasomaji dhaifu waliojua mchezo waliielewa na kuikumbuka habari ile kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo tusimdharau kijana anayekwama katika kitabu cha shule. Mpeni habari ya mechi ya TP Mazembe, na huenda akawashangaza. Hakukosa akili. Alikosa mahali pa kukanyaga.

Hapa mtu anaweza kupinga na kusema: ikiwa msomaji analeta sehemu ya maana, je, kila mtu na aseme kwamba andiko linamaanisha apendavyo yeye? La, hasha. Frederic Bartlett, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alieleza katika kitabu cha mwaka 1932 jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua. Kuwinda sili wa baharini kukawa kuvua samaki. Mambo ya mizimu, ambayo hawakuyaelewa, yakafifia au yakatoweka kabisa. Watu wale hawakukusudia kudanganya. Walijaza mapengo kwa vitu vya nyumbani kwao, wala hawakujua kwamba wanajaza. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Yale tunayoyajua hutufungulia andiko, na yale yale yanaweza kutupotosha. Kinga yake ni moja: kurudi kwenye maandishi. Anayesema kwamba andiko linasema hivi, na aonyeshe mstari.

Sasa tuje kwenye hali yetu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazipa lugha hizo nafasi katika kufundisha. Hata hivyo karatasi nzito za maisha yetu, yaani mikataba ya kazi, hati za ardhi na maamuzi ya mahakama, hutufikia kwa Kifaransa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ukizijua herufi, unaweza kutamka lolote. Kifaransa kina tabia nyingine: neno la maji, eau, lina herufi tatu na sauti moja, na sauti hiyo si ya herufi yoyote kati ya hizo. Mtoto anatumia miaka mingi kuyapata matamshi, na siku anapoyapata tunampongeza kana kwamba safari imekwisha. Kumbe amefika kizingitini tu.

Mfano uko karibu. Sheria ya madini ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaitaka kampuni yenye haki ya kuchimba ikubaliane na jumuiya zinazoguswa na kazi yake juu ya hati iitwayo cahier des charges. Mwenye Kifaransa cha darasani atafasiri neno kwa neno: daftari la mizigo. Atajiuliza ni mizigo ya nani, na pengine ataogopa kwamba kijiji chake kinabebeshwa deni. Lakini hati hiyo ni ya ahadi: ndani yake kampuni inajifunga kutenda mambo fulani kwa faida ya wenyeji, kama vile shule, maji au barabara, na kusema yatatendwa lini. Asiyejua hivyo hawezi kuidai ahadi, hata kama ameishika mkononi.

Sheria hiyo hiyo inaitaka kampuni itenge, kwa miradi ya maendeleo ya jumuiya, kiasi kisichopungua asilimia 0,3 ya chiffre d'affaires ya mwaka. Maana ya maneno hayo ni mauzo yote, kabla ya kuondoa gharama. Faida ni kitu kingine. Tufanye hesabu ya mfano: kampuni imeuza madini ya dola milioni 100, na baada ya gharama imebaki na faida ya dola milioni 10. Asilimia 0,3 ya mauzo ni dola 300 000. Asilimia 0,3 ya faida ni dola 30 000. Mjumbe wa kijiji aliyeyatamka maneno yale vizuri sana, lakini akaelewa faida, atatoka mkutanoni ameridhika na sehemu moja ya kumi ya haki ya watu wake, na sahihi yake itakuwa chini ya karatasi.

Wapo wanaoitumia methali isemayo kwamba asiyejua maana haambiwi maana ili kumnyamazisha anayeuliza. Wanamfanya aone haya, kana kwamba kuuliza ni kukiri ujinga. Katika mambo ya kusoma, desturi hiyo inatudhuru sote. Historia ya Katanga inatuonyesha njia nyingine.

Mwaka 1965, katika mji wa Élisabethville, unaoitwa leo Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa jina la watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, jinsi wao wenyewe walivyoyaona mambo. Kichwa chake kilikuwa cha Kifaransa, Vocabulaire, lakini maandishi yenyewe yalikuwa ya Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian, mtaalamu wa tamaduni za watu, aliyachapisha mwaka 1990. Kuyasoma hakukuwa rahisi hata kwake aliyeijua lugha: maneno yaliandikwa pengine yakiwa yameunganishwa, pengine yamekatwa, na macho peke yake hayakutosha. Ilibidi mwenzake, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti. Yale yaliyoonekana kuwa vurugu kwenye karatasi yakapata mpango wake sikioni, kwa kuwa mwandishi alikuwa ameandika kama mtu anavyosema. Wasomi hawakuona aibu kusoma kwa sauti na kusikilizana. Nasi tusione aibu.

Jambo hilo ni la zamani kuliko sisi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, ofisa mkubwa wa malkia wa Ethiopia anarudi kutoka Yerusalemu, ameketi garini, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo anamsikia, maana alikuwa akisoma kwa sauti, naye anamwuliza kama anaelewa anachosoma. Mtu yule alikuwa na elimu, cheo na mali, wala hakukasirika. Alikiri kwamba anahitaji wa kumwongoza, akamkaribisha Filipo apande, aketi pamoja naye. Naye Filipo hakuanza na hotuba yake mwenyewe. Alianzia kwenye andiko lile lile lililokuwa mikononi mwa msomaji.

Kwa hiyo napendekeza kwa vikundi vya vijana desturi tatu. Ya kwanza, kila somo tunalosoma pamoja lisomwe kwa sauti, kisha mmoja aseme kwa Kiswahili cha nyumbani yale yaliyosemwa, na mwingine amwulize: umeyaona mstari gani? Ya pili, neno gumu lisipite bila kuulizwa. Mara nyingi anayelijua yuko karibu: baba aliyefanya kazi Gécamines, dada anayesomea sheria, mama anayefanya biashara sokoni, ambaye hahitaji kufundishwa na mtu tofauti ya mauzo na faida. Ya tatu, mara moja kwa mwezi tusome pamoja hati moja ya umma inayogusa mtaa au kijiji chetu, tukiwaalika wazee, kwa sababu wao wanakumbuka ahadi ambazo karatasi imezisahau.

Mtu atasema kwamba kikundi cha parokia hakikuundwa kwa kazi ya sheria za madini. Ni kweli, wala hatutakuwa mawakili. Lakini tabia ya kuuliza maana ni moja. Kijana aliyezoea kuketi na barua ya Mtume Paulo mpaka aelewe inadai nini kwake, hatatia sahihi karatasi nyingine yoyote kabla ya kuelewa inadai nini kwa watu wake.

Anzeni na karatasi moja. Tafuteni cahier des charges ya eneo lenu. Ikiwa hamjawahi kuiona, waulizeni wale waliotia sahihi. Ketini, someni kwa sauti, polepole, na pale mtakapokwama msione haya kusimama.