Khati Tuliifunza Chuoni, Mbona Tuikatae Chuo Kikuu?

Mfungo Sita wa mwaka jana, kamati ya Maulidi ya mtaani kwetu ilinikabidhi kazi moja nyepesi: kutengenezesha bango la kutundikwa penye njia ya kuingilia msikitini. Walinichagua kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kalamu. Nikayaandika maneno kwa mkono wangu, basmala juu, kumsalia Mtume (S.A.W.) katikati, siku na saa chini, nikayapeleka kwa mpiga chapa. Siku ya pili nikaonyeshwa karatasi ndogo ya kuhakikisha. Miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani, na adhana ya alasiri ilikuwa i karibu. Nikatia sahihi.

Bango lilipotundikwa, wa kwanza kuliona walikuwa watoto wa madrasa. Walisimama chini yake wakicheka. Herufi zote zilikuwa zimekatikakatika, kila moja kivyake, na mpango wake umegeuzwa. Aliyeanza kusoma kutoka kulia, kama tulivyofunzwa sote, alikutana kwanza na mim ya mwisho ya Rahim, akaishia na ba kule kushoto. Tuliliteremsha kabla ya magharibi, nami nikalikunja nikaenda nalo nyumbani, maana kitambaa kilichokusudiwa kubeba jina la Mwenyezi Mungu hakitupwi jaani.

Aliyenieleza lililotokea ni binti wa ndugu yangu. Alilitazama kidogo tu, akasema, "Ami, kompyuta haina kosa. Ile programu waliyotumia haikutayarishwa kwa Kiarabu. Inazipanga herufi kutoka kushoto kama za Kizungu, na haijui kuziunga."

Nilinyamaza, ndugu wasomaji, na sababu ya kunyamaza nitawaambia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, binti huyo alikuwa amepata nafasi ya kusomea usanifu wa michoro katika chuo kikuu. Babake alinijia kutaka shauri, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake na nimesoma. Nikamjibu, "Hiyo si elimu. Ni kazi ya kupaka rangi vibao vya maduka, na picha nazo dini imezikataza." Kwa neno langu hilo nafasi ikapotea, na binti akakaa nyumbani mwaka mzima.

Nayaandika haya kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyetoa jawabu kama hilo. Katika nyumba zetu za pwani mtoto akisema anataka udaktari, sheria au uhasibu, hupigiwa vigelegele. Akisema anataka michoro, huulizwa kama amekosa la kufanya.

Basi, elimu hii ni nini? Ni kupanga herufi, rangi, picha na nafasi tupu ili ujumbe umfikie msomaji bila kumpoteza. Mwanafunzi huanza kwa penseli na karatasi. Husoma maumbo ya herufi na masafa baina yake, jinsi rangi zinavyoungana na kupingana, mpango wa ukurasa, nembo, vifungashio vya bidhaa na historia ya sanaa. Hufunzwa kwa nini rangi iliyong'aa kwenye kioo cha kompyuta hufifia ikifika karatasini: kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya chapa huchanganya wino wa aina nne. Kompyuta ni chombo tu, kama ilivyo kalamu.

Na matunda yake tunayashika kila siku. Mkongwe anayetazama pakiti ya dawa apate kujua ni vidonge vingapi kwa siku anategemea mtu aliyepanga maandishi yale. Mwaka wa 2022 kila mpiga kura wa Kenya alipewa karatasi sita, kila cheo na rangi yake, ili asichanganye kura ya rais na ya mwakilishi wa wadi. Rangi hizo hazikujichagua zenyewe.

Tuje kwa lile la dini, maana ndilo nililolifanya ngao. Ni kweli zimo hadithi zinazokataza kutengeneza sura za vyenye roho, na wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa urefu. Lakini hadithi hizo hizo zina habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas na kumwambia kuwa riziki yake ni kutengeneza sura. Ibn Abbas hakumwambia aende akae bure. Alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Sasa tazameni: sehemu kubwa ya usanifu wa michoro ni herufi, mistari, maua na rangi. Mimi niliyekaa mbele ya maalim na ubao wangu nalijua hilo, na siku ile nililisahau kwa kutaka kusahau.

Isitoshe, kazi hii haikuanzia kwa Wazungu. Waziri Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka wa 940, ndiye aliyeziwekea herufi za Kiarabu kipimo. Alichukua nukta inayotokea kalamu inapogusa karatasi, akapima alif kwa nukta hizo, na herufi nyingine akazipima kwa alif. Maadui zake walimkata mkono wa kulia, akafia gerezani, lakini kipimo chake kimebaki. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu akifunzwa kupima herufi kabla ya kuichora, anafunzwa jambo ambalo Waislamu walikwisha kuliwekea kanuni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Hapa kwetu pia kuna mengi. Katika mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, imo khati ya Kufi yenye tarehe ya mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107. Siyu waliandika misahafu iliyopambwa kwa wino wa rangi. Lamu alikuwako Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka wa 1945, mshairi aliyenakili tenzi kwa khati iliyotafutwa hata na wataalamu wa Ulaya, na mkono huo huo ukachonga milango. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuzungumza na watu wake katika miaka ya 1930, alitoa magazeti, Sahifa kisha Al-Islah. Alijua kuwa wazo lisiloandikwa vizuri halifiki mbali.

Na leso je? Ina pindo, ina mji, ina jina. Mama zetu huitazama dukani, wakasema rangi hii imekaa au haikukaa, pindo limezidi au limepungua. Hao ni waamuzi wa michoro wasio na shahada. Lakini leso zetu kwa miaka mingi zilichapwa Ulaya, India na Japani. Maneno yalikuwa yetu na mashine ni ya wengine. Tukiendelea kuwazuia watoto wetu, hata mchoro wenyewe tutauagiza.

Sisemi kwamba njia hii ni tambarare. Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa shahada ya usanifu, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafunza sanaa, lakini kwa mtoto wa Mombasa huko ni safari ya karibu kilomita 500, na wa Lamu ni mbali zaidi. Kompyuta nzuri ni ghali. Wateja wengi hutaka nembo kwa bei ya chai na mahamri. Na siku hizi kuna mashine za akili bandia zinazochora kwa kuambiwa tu. Mzazi mwenye wasiwasi hana makosa. Walakini bango letu lilitoka kwenye mashine, likapita mikononi mwa watu wazima wawili, mpiga chapa asiyeijua khati na mimi niliyeijua nisitazame. Mashine ikizidi kuwa hodari, ndipo atakapohitajika zaidi yule atakayesema, hapa pameharibika.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwa vyuo vikuu vyetu, vya pwani na vya bara. Wekeni khati ya Kiarabu na michoro ya pwani katika mafunzo ya usanifu, si kama pambo la siku moja bali kama somo lenye mtihani. Herufi za Kiarabu ni 28, na nyingi zina maumbo manne, ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Msanifu wa Kenya asiyejua hayo atatuharibia mabango mpaka lini?

La pili ni kwa wazazi wenzangu. Wazee wetu hawakuona haya kwa elimu ya mikono. Walichanga pamoja na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa ya Mabohora ili Waislamu wapate chuo cha ufundi hapa Mombasa, MIOME, ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wao walijenga chuo ili vijana wafunzwe ufundi. Sisi tunawafungia vijana mlango ili wasifunzwe. Ikiwa mtoto ana mkono mwema na jicho zuri, hiyo ni amana, na amana haizikwi.

Mimi nilikwenda kwa ndugu yangu nikayarudisha maneno yangu mbele ya binti mwenyewe. Nikamwomba radhi. Akasema, "Yamepita, ami." Ameomba nafasi upya mwaka huu, na majibu bado. Mwaka mmoja wake siwezi kuurudisha. Bango lingali kabatini kwangu, na kila nikilifungua kabati hulikuta pale, na sahihi yangu naikumbuka.