Konji ya mchimbaji si ya kuuza: twende ziwani



Mwezi wa sita ukifika, baridi ikianza kuuma asubuhi, katika miji yetu ya shaba tunasikia mazungumzo yale yale. Mmoja anauliza: "Konji yako ni lini?" Mwenzake anajibu: "Mimi nilishaiuzisha." Maana yake ameomba alipwe feza pahali pa kupumzika. Mwingine anasema atakaa nyumbani. Na sisi wote tunajua kukaa nyumbani ni nini: siku mbili za kulala, siku ya tatu kutengeneza paa, siku ya ine nganda, na kuanzia siku ya tano ni madeni na maneno na mama wa watoto.

Leo nataka kusema jambo moja tu. Konji si ya kuuza, na pahali pazuri pa kuipeleka ni penye maji. Katanga yetu, hata kama tangu 2015 ilikatwa mikoa mine, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, ni inchi ya maziwa sawa vile ni inchi ya shaba. Shaba tunaijua kwa mikono. Maziwa, wengi wetu tunayajua kwa harufu ya samaki ya kukauka sokoni. Siku moja niliuliza mtoto wa jirani: "Unajua maziwa ya Katanga?" Akanijibu mbio: "Ndiyo, ya unga, ya kopo!" Tulicheka sana. Kisha nikaona si neno la kucheka. Mtoto ana miaka kumi na mbili, anakula samaki kila juma, na hajaona ziwa hata siku moja.

Baba yangu alikuwa mchimbaji wa chini, kule Kipushi. Karibu kila mwaka aliuza konji yake, juu ya feza za shule yetu. Simlaumu. Mimi ninaandika hapa sababu yeye aliuza. Lakini mwaka mmoja, nilikuwa na miaka 9, alikataa. Alitupandisha, mama na watoto watano, katika kamio ya mtu aliyekuwa anaenda kutafuta samaki, tukashuka Kapolowe, kwa ziwa Tshangalele. Tulilala siku ine kwa mjomba wa mama.

Nyumbani tulimjua baba kama mtu wa kulala muchana. Mlango umefungwa, na mama anatukataza kelele: "Nyamazeni, baba alitumika usiku." Kule ziwani alikaa inje tangu jua kutoka mpaka jua kuingia. Alivaa kapitula, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatufundisha kufunga ndoana. Hatukujua kama baba anajua kuvua. Alizaliwa kando ya Luapula, lakini hakupata siku ya kutuambia. Katika siku zile ine alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Tuliporudi alishuka tena chini, akauza tena konji zake. Leo hayuko. Watoto wote watano, tukikutana, tunazungumza juu ya siku zile ine. Hakuna hata mmoja anayekumbuka feza za konji zingine zilifanya nini.

Ninajua mtaniambia: "Kwenda kutembea ziwani ni mambo ya wakubwa." Hapana. Tuangalie maziwa yenyewe yalitoka wapi.

Ziwa Tshangalele halikuwako zamani. Lilizaliwa wakati mto Lufira ulizuiwa na baraji ya Mwadingusha, na kiwanda cha umeme kilianza kazi 1930. Umeme ule ulikuwa wa kuyeyusha na kusafisha shaba. Ziwa Nzilo, karibu na Kolwezi, lilifanyika vilevile: katika miaka ya 1950 Lualaba ilifungwa ili migodi na viwanda vipate moto. Kwa hiyo maziwa haya mawili ni watoto wa mgodi. Wazee wetu walibeba mawe, walichimba, walitumika kwa viwanda vilivyohitaji umeme ule. Kama kuna mtu mwenye haki ya kukaa pale na jamaa yake siku ya konji, ni mchimbaji. Na ndege wameshatangulia: bonde la Lufira, UNESCO iliandika jina lake 1982 katika orodha ya pahali pa kulindwa duniani.

Upande wa mashariki kuna Moero, ambalo wenzetu wa Zambia wanaliita Mweru. Maji ya Luapula yanaingia kusini, yanatoka kaskazini kwa Pweto, yanakuwa Luvua. Ni ziwa la kilometa za mraba zaidi ya 5,000, hauoni ngambo. Wazee wanakumbuka samaki ya Kasenga, ile iliyopanda kamio usiku kwenda kulisha makambi ya Lubumbashi, wakati wavuvi na wachuuzi Wagiriki walikuwa wengi kule. Bukari ya mchimbaji ilikuwa inafuatana na samaki wa Luapula na Moero. Tulikula matunda ya ziwa miaka mingi bila kwenda kuliamkia.

Na Tanganyika? Hapa ninataka wachimbaji wa chini wasikilize vizuri. Shimo la tano la Kipushi linashuka mita zaidi ya 1,200. Mnajua kushuka kule ni nini, masikio yanaziba, joto linapanda. Ziwa Tanganyika, pahali penye urefu mwingi wa kwenda chini, ni mita 1,470. Ungeweka shimo lile lote ndani, maji yangelifunika na kubakisha mita zaidi ya 200 juu. Duniani kuna ziwa moja tu linalolipita kwa kina, Baikal, kule Urusi. Mtoto wako akisimama Kalemie au Moba, umwambie: "Baba yako anashuka karibu vile." Ataelewa kazi yako kuliko ukimwelezea miaka kumi. Kisha mumkaangie ndakala za asubuhi, naye hatasahau.

Kuna ziwa lingine ambalo ninapenda kulitaja mbele ya watu wa shaba: Kisale, chini kwa Lualaba, mbele ya Bukama. Pale Sanga, 1957 na 1958, wataalamu walifukua makaburi ya watu wa kale, mengine yamepita miaka 1,000. Walikuta vyungu vizuri, na katika makaburi mengine misalaba midogo ya shaba. Kando ya ziwa lile watu hawachimbi shaba. Ilitoka kusini, katika udongo huu wetu. Watu wa maji walikuwa na samaki, watu wa kusini walikuwa na shaba, na njia kati yao ilikuwa wazi. Sisi, wenye motokari na treni, ndio tumeifunga.

Bon. Sasa tuseme juu ya feza, sababu najua mama mmoja anasoma hapa na anauliza: "Tutaenda na nini?" Sheria ya Kazi ya 2002 inampa mtumishi mzima walau siku moja ya kazi ya konji kwa kila mwezi mzima aliotumika. Ni siku kumi na mbili kwa mwaka, na wenye miaka mingi kazini wanapata zaidi. Sisemi uende nazo zote. Chukua ine. Mtu wa Lubumbashi au Likasi, Kapolowe iko kwa njia yenu. Mtu wa Kolwezi, Nzilo ni ya kwenda hata siku ya yenga na kurudi magaribi. Kasenga na Kilwa ni safari ya siku. Kalemie ni ya kupanga mwaka mzima, na ulize habari za njia mbele ya kuondoka.

Njia ya kupunguza bei ni kwenda wengi. Jamaa ine au tano za avenue moja, mfanye likelemba tangu mwezi wa kwanza, mkodi motokari moja. Mbebe unga, mafuta, chumvi na mablanketi. Samaki mtanunua kwa mvuvi mwenyewe, bado inaruka, kwa bei ambayo sokoni hamuioni. Mengi ya makabila yetu yana ndugu kando ya maji. Mwenye ndugu atangulie kutoa habari. Asiye na ndugu aulize kwa misioni kama kuna chumba. Feza ambazo nganda inakula katika konji moja, mimi nimehesabu zangu za zamani, zinatosha.

Na wababa, neno moja kwenu. Ukimpeleka mama ziwani apike sawa vile anapika nyumbani, yeye hakupata konji. Samaki uparue wewe. Kuni ukate wewe. Acha mama naye akae juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mke wa jirani yangu alirudi kutoka Nzilo akaniambia: "Shemeji, ni mara ya kwanza nakula samaki yenye sikuparua." Bwana wake alikuwa pembeni, akacheka kwa haya, lakini niliona amefurahi.

Maji yana mambo yake pia, nisifiche. Pale maji yamesimama na majani ni mengi, kuna kichocho. Watoto wasioge katika majani, na akikojoa damu kisha safari apelekwe kwa munganga mbio. Viboko na mamba wako. Wavuvi wanajua pahali pao, uliza mbele ya kuingiza muguu. Kwa Tanganyika na Moero, upepo ukianza kupiga, usipande mtumbwi. Na masua ikijaa watu na mizigo mpaka maji yanakaribia ukingo, shuka, hata kama umeshalipa. Wakati mzuri ni kiangazi, mwezi wa tano mpaka wa tisa: njia ngumu, mbu kidogo. Usiku ni baridi, mubebe nguo.

Imebaki jambo moja, na kwangu ndilo kubwa. Ziwa Tshangalele linapokea maji yanayopita kwa viwanda vya Likasi. Wataalamu walipima samaki wake, wakakuta madini ndani yake, kobalti na zingine. Mtu anaweza kuniuliza: "Juu ya nini unatutuma kwa ziwa lenye uchafu?" Ninajibu: sababu ni letu, na uchafu ule unatoka katika kazi yetu. Wewe utakula samaki ile siku ine. Mvuvi wa pale anakula kila siku, na watoto wake wanakunywa kando yake. Yeye hana mtu wa kumsemea katika mikutano ya kampuni. Wewe unaye: una delege wa sendika, una mikutano, unajua bomba gani linamwaga nini na saa gani. Lakini mtu hasemei pahali asipopajua. Mchimbaji aliyeketi pale na watoto wake, aliyeona mtoto wa mvuvi akicheza na mtoto wake katika maji yale, siku akiona maji machafu yanaachiliwa mtoni usiku hatanyamaza. Atasema: "Maji hayo yanaenda kwa watu, nawajua."

Ndiyo maana nasema kwenda ziwani si mambo ya starehe tu. Shaba itatoka, itapanda treni na makamio, itakwenda inje ya inchi. Siku moja itakwisha, kama ilivyokwisha katika mashimo mengine tunayoyajua. Ziwa, tukilichunga, litabaki hapa kulisha wajukuu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mwaka huu wakikuletea karatasi ya kuuza konji, usisaini siku ile. Rudi nayo nyumbani. Weka karatasi juu ya meza, ita mama, ita watoto, uwaulize kama wanataka feza zile ama wanataka siku ine na wewe. Kisha uwasikilize. Mimi nilikuwa na miaka 9, hakuna aliyeniuliza, lakini jibu langu nilikuwa nalo.