TAHARIRI: Shukrani kwa aliyewakumbuka wasio na siku ya kustaafu

Mtumishi wa Serikali anapotimiza umri wa kustaafu hufanyiwa hafla. Husomwa risala, hutolewa zawadi, hupigwa picha, na baada ya hapo pencheni yake humfuata nyumbani. Hilo ni jambo jema, na ni haki yake aliyoitolea jasho.

Lakini kando ya njia iendayo Kusini Unguja, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kama vile Pete, Charawe, Ukongoroni na Cheju, wapo waliofanya kazi nusu karne na zaidi bila ya mtu yeyote kuwasomea risala. Mkulima hana barua ya kustaafu. Mvuvi hana mwajiri wa kumkatia michango. Mkwezi huacha kazi siku ile miguu inapoukataa mnazi, na mama wa mwani huacha siku ile mgongo unapokataa kuinama. Watu hawa ndio walioilisha nchi hii. Wale wa Jozani wamebeba na mzigo mwengine juu ya huo: msitu wao ulipohifadhiwa, na hatimaye mwaka 2004 ukawa Hifadhi ya Taifa, ndio waliotakiwa kuweka shoka chini, na ndio ambao kima punju huwalia mazao yao hali sheria inamlinda mnyama huyo.

Katika toleo hili tunapenda kumshukuru mtumishi mmoja wa umma kwa jambo moja alilowafanyia watu hao. Naye ni Dk. Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar wa Awamu ya Saba, aliyekabidhi madaraka Novemba 2, 2020. Huenda msomaji akauliza mbona tumechelewa. Tumechelewa kwa makusudi. Sifa za siku ya kuaga ni rahisi, kwa kuwa aagwaye bado yuko kitini na wasemaji bado wanamtazama. Sifa yenye uzito ni ile inayotolewa baada ya mtu kuondoka, ikishaonekana kama alilolijenga limesimama au limeanguka.

Jambo lenyewe ni Pencheni Jamii. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee mkaazi wa Unguja na Pemba aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuulizwa kama aliwahi kuajiriwa, wala kama ni tajiri au maskini. Wazee zaidi ya 20,000 waliingia katika mpango huo, na fedha zilitoka katika bajeti ya Zanzibar yenyewe, si katika mkono wa mfadhili. Katika Afrika ya Mashariki hapakuwa na nchi iliyotangulia kuwalipa wazee wake wote kwa mfuko wake wenyewe. Kenya, kubwa na tajiri kuliko sisi, ilifuata mwaka 2018.

Ili tuone uzito wa hatua hiyo, tukumbuke desturi iliyokuwapo kabla yake. Serikali humkumbuka yule aliyemo katika daftari lake. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikusanya wapagazi kwa maelfu kutoka pwani na bara, wakafa wengi kwa maradhi na njaa, na ujira wa wengi katika waliokufa haukuwafikia warithi wao. Kilichobakia ni jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, lililotokana na kikosi chao. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa KAR walipelekwa hadi Burma, na vita vilipokwisha kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi ya ngozi: askari Mzungu akapata mara kadhaa ya alichopata Mwafrika wa cheo kama chake. Tulipojitawala rangi iliondoka, lakini daftari lilibaki. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulioanzishwa mwaka 1998 ulikuwa ni wa wenye ajira na michango. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zilikuwa ni za wachache wasio na jamaa. Mzee wa kijijini mwenye jembe lake alibaki nje ya hesabu zote hizo.

Hatusemi kwamba miaka kumi ya Dk. Shein haikuwa na lawama. Uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 ulifutwa siku tatu baadaye, ukarudiwa Machi 20, 2016, na chama kikuu cha upinzani kikaususia. Pencheni ikaanza kulipwa mwezi uliofuatia. Mwenye kutia shaka anaweza kusema kuwa ilikuwa ni dawa ya kutuliza donda. Sisi tunamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, Sera ya Hifadhi ya Jamii ilikwishapitishwa mwaka 2014, kabla ya uchaguzi huo. Pili, anayelipwa ni kila mzee, wa chama chochote na asiye na chama. Donda la uchaguzi lina hesabu yake, na hatulifuti kwa shilingi elfu ishirini. Lakini uadilifu unatutaka tusilinyime jema haki yake kwa sababu ya kosa. Tumefundishwa kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake, na mafundisho hayo hayakuwatoa watu tunaohitilafiana nao.

Je, jengo limesimama? Limesimama. Mwaka 2020, kabla hajaondoka, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Masuala ya Wazee. Baada yake, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Kiongozi aliyefuata hakuivunja kazi ya aliyetangulia, bali aliiongeza. Hilo nalo ni la kushukuriwa, maana ni mara ngapi tumeona mipango mizuri ikizikwa pamoja na awamu iliyoianzisha?

Hata hivyo, shukrani isiyo na kazi ni maneno. Ikiwa kweli tunamheshimu aliyeanzisha, basi tuyatazame yaliyobaki.

Kwanza, thamani. Shilingi 20,000 za mwaka 2016 zilikaa miaka kadhaa pale pale huku bei ya mchele, unga na mafuta ikipanda. Kiwango kisingoje huruma ya kiongozi wala msimu wa kura, bali kipitiwe kila baada ya muda unaojulikana.

Pili, umri. Aliyekaa ofisini anaweza kufika miaka 70 akiwa na nguvu zake. Aliyevuta jarife, aliyekwea minazi na aliyesimama baharini na mwani mara nyingi huishiwa na nguvu mapema. Uwezo ukiruhusu, umri huo ushushwe.

Tatu, njia ya kumfikia. Mzee aliyezaliwa kijijini zama ambazo vyeti vilikuwa haba asikoseshwe haki yake kwa sababu ya karatasi. Wala mzee asiyeweza kutembea asilazimishwe kwenda kupanga foleni juani. Masheha na maofisa wa ustawi wa jamii wanazijua nyumba hizo. Wapewe nyenzo za kuzifikia.

La nne si la Serikali, ni letu. Pencheni Jamii haikuja kumvua mtoto wajibu wake. Anayesema, "Sasa Serikali inamlisha mama," na huku akazuia mkono wake, amegeuza neema kuwa kisingizio. Na mabaya zaidi kuliko hilo ni ya kijana anayeonekana kwa bibi yake mara moja kwa mwezi, siku ya malipo, kuja kukopa asicholipa.

Dk. Shein, msomi wa tiba aliyewahi kufanya kazi katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kabla ya siasa, leo naye ni mstaafu na pencheni yake imo katika sheria. Sisi tunaona kwamba heshima yake kubwa ni kwamba mkwezi wa Charawe, asiyepata hata siku moja kuajiriwa na mtu, naye ana cha kupokea. Tunamuombea afya njema na mwisho mwema. Tunawaomba walioko madarakani wailinde kazi hiyo, na kila msomaji, kabla ya kuliweka chini gazeti hili, amkumbuke mzee wake.