Majengo ya Shule Yajengwe kwa Ajili ya Mtoto Ajaye

Mwishoni mwa mwaka 2027 shule za msingi nchini zitatoa wahitimu wa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Watoto waliokuwa darasa la tatu Januari 2024, mitaala mipya ilipoanza kutumika, watamaliza elimu yao ya msingi wakiwa darasa la sita. Wenzao waliokuwa darasa la nne mwaka huo watamaliza wakiwa darasa la saba, kwa utaratibu wa zamani. Januari 2028 makundi yote mawili yatasimama mbele ya mlango mmoja, mlango wa Kidato cha Kwanza. Swali linaloikabili kila halmashauri, kila kata na kila bodi ya shule ni kama nyuma ya mlango huo kutakuwa na chumba.

Swali hilo si la Dodoma peke yake. Ni swali la Nambambo, katika Wilaya ya Nachingwea, kama lilivyo swali la kata nyingine zote za Mkoa wa Lindi na za Taifa zima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeagiza elimu ya lazima iwe ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Ni uamuzi mwema, kwa kuwa unamwondolea mtoto wa mkulima hatari ya kuachwa njiani akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Lakini mtoto hasomi ndani ya sera. Husoma ndani ya darasa. Kwa hiyo kazi ya kuitimiza sera hii imo mikononi mwa wale wanaopanga, wanaochora na wanaokarabati majengo ya shule.

Wananchi wa Nachingwea hawana haja ya kwenda mbali kutafuta somo la mipango. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga kwa wingi katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mapori yalifyekwa kwa mitambo mikubwa, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1951 mpango huo ulikwisha kutangazwa kuwa umeshindwa, na miaka michache baada ya Uhuru hata reli yenyewe ilikwisha kung'olewa. Fedha hazikukosekana. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza maswali yaliyostahili kuulizwa mwanzo.

Wilaya hiyo hiyo inalo pia somo la pili, lenye heri zaidi. Farm 17, eneo ambalo jina lake lina asili katika mashamba hayo ya karanga, lilikuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa chini ya uongozi wa Samora Machel, mpaka Msumbiji ikajipatia uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Baadaye mahali hapo pakawa shule ya sekondari. Ardhi iliyofyekwa kwa tamaa ya mkoloni ikatumika kwa ukombozi, kisha ikatumika kwa elimu. Maana yake ni kwamba mahali palipoandaliwa kwa kazi moja huishi kuliko kazi hiyo, na mpangaji mwenye busara hujiuliza mapema kazi ya pili itakuwa ipi.

Historia ya upanuzi wa elimu nchini inaonyesha kwamba mara nyingi watoto walitangulia, vyumba vikafuata. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitaka nchi iwapatie watoto wote elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, na wanavijiji wakajenga madarasa kwa miti, udongo na nyasi kwa sababu hawakuwa na muda wa kungoja saruji. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulianza mwaka 2002 huku madarasa yakiwa yamefurika. Shule za sekondari za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2006, na elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, hali ilikuwa ile ile. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2022 mengine 8,000, ili watoto waliochaguliwa waingie pamoja Januari. Hayo ni mafanikio ambayo hakuna mwenye haki awezaye kuyabeza.

Hata hivyo, operesheni ya dharura haifai kugeuka kuwa desturi. Dharura ni jambo lisilotazamiwa, na mwaka 2028 unatazamiwa. Majina ya watoto hao yamo katika rejesta zilizomo ofisini kwa walimu wakuu. Kwa mara hii hakuna mtumishi atakayeweza kusema kwamba idadi ilimshtukiza.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka Wizarani. Chukuliwe mfano wa kata yoyote ambayo shule zake za msingi zina jumla ya watoto 120 katika kila darasa. Wakati wa kawaida watoto hao, wakikaa arobaini kila chumba, wanahitaji vyumba vitatu vya Kidato cha Kwanza. Januari 2028 watakuwa 240, na vyumba vitakavyohitajika ni sita. Kwa kiwango cha Sh. 20,000,000 kwa darasa moja kilichotumika mwaka 2021, vyumba vitatu vya ziada ni Sh. 60,000,000, wala bei za vifaa haziwezi kutegemewa kubaki pale. Zinatakiwa meza 120 na viti 120. Tena, kwa kuwa mwongozo wa Taifa unadai tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kata hiyo, ikiwa na wasichana 60 na wavulana 60 wa ziada, itahitaji matundu sita mapya. Darasa likikamilika bila choo, msichana ndiye atakayelipia upungufu huo kwa kukosa masomo.

Lakini hesabu haiishii hapo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kundi hili kubwa halitakuja na kubaki. Litakuwa Kidato cha Kwanza mwaka 2028, cha Pili mwaka 2029, cha Tatu mwaka 2030, na cha Nne mwaka 2031. Kisha litaondoka, na nyuma yake litafuata kundi la kawaida. Wakati huo huo, kila shule ya msingi itakuwa imepungukiwa darasa moja, kwa sababu darasa la saba halitakuwapo tena. Halmashauri itakayojenga bila kuyafikiri haya yaweza kujikuta ina vyumba vilivyofungwa upande mmoja wa barabara na msongamano upande wa pili.

Njia iliyo bora ni kujenga vyumba vyenye kazi mbili. Jengo la nyongeza lichorwe tangu mwanzo liwe darasa hadi mwaka 2031, na baada ya hapo liwe karakana, maabara au maktaba. Hili si jambo la anasa. Mitaala mipya imeweka mkondo wa amali, ambao unamtaka kijana ajifunze ujenzi, umeme, useremala, ushonaji, kilimo na ufundi mwingine kwa kutenda. Karakana haifanani na darasa la ubao na chaki: inahitaji sakafu nene, mlango mpana wa kupitisha mashine, nyaya za umeme zinazostahimili mzigo, hewa ya kutosha na stoo yenye kufuli. Kuyaweka hayo wakati msingi unachimbwa ni rahisi. Kubomoa ukuta baada ya miaka mitatu ili kuyaingiza ni hasara. Kwa upande wa shule za msingi, chumba kitakachoachwa na darasa la saba kipangiwe mapema kazi yake, iwe ni darasa la awali au kupunguza msongamano wa madarasa ya chini, kisije kikageuka ghala la madawati mabovu.

Aidha, jengo halina budi kuafikiana na nchi lilipo. Nachingwea ni nchi ya joto, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Darasa lililonyooshwa kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yakitazama kaskazini na kusini, hukwepa jua la asubuhi na la alasiri. Madirisha yanayokabiliana hupitisha upepo, na dari huzuia joto la bati pamoja na kelele ya mvua inayomnyamazisha mwalimu. Mbao za kenchi zitiwe dawa, maana mchwa hawangoji uzinduzi. Paa lenye mita za mraba 80, likipata mvua ya milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 56,000 za maji. Ni aibu maji hayo yakaachwa yachimbe msingi, ilhali wanafunzi wanabeba ndoo. Mlango uwe mpana na wenye mteremko, ili mtoto anayetumia kiti mwendo aingie kwa heshima kama wenzake, bila kubebwa.

Kadhalika, kila shule iwe na ramani ya eneo lake. Katika shule nyingi chumba kipya hujengwa popote palipo wazi. Mwaka huu kinakula sehemu ya uwanja wa michezo, mwaka ujao kinaziba njia ya maji, na mwaka wa tatu inaonekana hapana tena mahali pa maabara. Ramani hiyo ionyeshe majengo yaliyopo, yatakayokuja, vyoo, kisima, shamba la shule na uwanja. Na mipaka ipimwe, ili eneo la watoto lisimegwe na majirani kidogo kidogo.

Suala la ukarabati linastahili kutajwa kwa mkazo zaidi, kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Jengo jipya huzinduliwa kwa ngoma na hotuba; bati lililozibwa halina mgeni rasmi. Kwa sababu hiyo wako viongozi wanaopenda kuanza kuliko kutunza. Matokeo yake ni madarasa yaliyojengwa kwa jasho la wananchi ambayo sakafu zimechimbika na paa zinavuja, na ni maboma ya madarasa yanayonyeshewa mwaka baada ya mwaka yakingoja kuezekwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Boma lililoachwa bila paa kwa misimu kadhaa ya mvua si akiba tena, bali ni dhihaka kwa mwananchi aliyetoa siku zake za kulima ili kubeba mchanga. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba msingi mpya, kila kata ihesabu kwanza maboma yanayoweza kumalizwa na vyumba vinavyoweza kuokolewa.

Kalenda nayo ina sheria zake. Katika mkoa wa Lindi, kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hunyesha, na mkulima yuko shambani. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi ni kavu na barabara zinapitika. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai. Basi michoro, makadirio na zabuni vikingoja fedha zifike ndipo vianze kuandaliwa, kiangazi kitapita mikononi mwa makaratasi. Vikiwa tayari kabla ya Julai, kiangazi chote kitakuwa cha ujenzi. Vilevile, ikiwa wananchi watashirikishwa kuchangia nguvu zao, waitwe mapema na waelezwe hesabu. Mkulima wa korosho na ufuta hakatai kazi. Anachokataa ni kuitwa kwa ghafla na kuamriwa.

Mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, hotuba yake ilijulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Kuchagua huko ndiko kunakotakiwa leo katika kila kata. Mwalimu Mkuu achague kutoa takwimu za kweli, hata kama zinaonyesha upungufu. Afisa Elimu Kata azijumlishe za shule zote, badala ya kila shule kupiga kelele peke yake. Mhandisi wa halmashauri achague ramani inayofaa kwa karakana ya kesho, badala ya kunakili mchoro wa jana. Kamati ya Maendeleo ya Kata ichague kumaliza boma kabla ya kuanzisha jingine. Na viongozi wa Chama, ambao ndio wenye dhamana ya kuisimamia Ilani, wachague kuuliza juu ya vyoo, maji na ukarabati kwa bidii ile ile wanayoulizia idadi ya madarasa.

Mtoto wa Nambambo atakayevaa sare ya sekondari Januari 2028 tayari yuko shuleni. Hakuchagua kuwa katika mwaka wenye makundi mawili. Mpango huo umewekwa na watu wazima, kwa manufaa yake. Ni wajibu wa watu wazima hao kuhakikisha kwamba atakapofika hataambiwa akae chini ya mwembe, wala angoje zamu ya alasiri arudi nyumbani gizani. Rejesta zipo, tarehe inajulikana, na kiangazi hakirudi nyuma. Kazi na ianze kwa kuhesabu.