Mwambieni mtoto kwamba bibi amekufa

Na Neema Kisanga

Kwenye misiba yetu, watoto ndio huondolewa kwanza. Jeneza likikaribia kufika kutoka mochwari, shangazi mmoja huwakusanya akawapeleka kwa jirani wakaangalie katuni. Wakiuliza bibi yuko wapi, huambiwa amesafiri, au amelala, au Mungu amempenda zaidi. Nia ni njema. Lakini sisi ndio tunaosimama kila Jumapili mbele ya watoto haohao tukikiri kwamba tunaamini ufufuo wa mwili. Siku ya kuieleza imani hiyo inapofika, tunawadanganya.

Aliyesafiri hurudi. Mtoto atakaa akimsubiri, na asipomwona ataanza kujiuliza alimkosea nini. Aliyelala huamka, na wapo watoto wanaoogopa kufumba macho usiku kwa sababu ya jibu hilo. Hilo la Mungu kumpenda zaidi ndilo linaloniuma kuliko yote, maana linamfanya Mungu mnyang'anyi. Mtoto wa miaka sita aliyefiwa na mama yake anaweza kuamua, bila kumwambia mtu, kwamba ni heri asipendwe sana na Mungu wa namna hiyo.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la shule ya Jumapili pale binti mmoja aliponyoosha mkono. Alikuwa ameomba baba yake apone, na baba akafa. Alikuwa amefundishwa kwamba ukiomba kwa imani unapewa. Akauliza, "Kwa hiyo imani yangu ilikuwa ndogo?" Wenzake wote waligeuka kumtazama. Mwalimu aliweka kitabu chini, akaenda kukaa naye kwenye benchi, akamwambia, "Hapana, mwanangu. Hata Yesu usiku ule bustanini aliomba aepushwe na mateso, na msalaba ukaja vilevile." Yule mtoto hakulia. Aliuliza tena, "Na yeye alisikia uchungu?" Mazungumzo yakaanzia hapo, na somo la siku hiyo likaachwa. Naona mwalimu yule alifanya vyema kuliacha.

Sisi Walutheri tuna mfano wa nyumbani tusiousimulia vya kutosha. Juni 1530 Martin Luther alikuwa kwenye ngome ya Coburg, hawezi kwenda mkutanoni Augsburg kwa kuwa dola ilikuwa imempiga marufuku. Katikati ya mambo hayo mazito alimwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne. Alimweleza habari za bustani nzuri ambamo watoto huokota matofaa na cheri chini ya miti, na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Akamwambia kwamba akisali na kusoma naye ataingia, pamoja na rafiki zake Lippus na Jost, akawataja kwa majina. Msomi mkubwa vile, tena katika wiki zile, alitafuta mbingu ambayo mtoto wake angeweza kuitamani.

Miaka 12 baadaye binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, aliugua. Hans alikuwa shuleni Torgau. Luther alimwomba mwalimu asimwambie kijana habari hizo, ila amrudishe nyumbani haraka, maana ndugu hao wawili walipendana sana. Magdalena alifia mikononi mwa baba yake, Septemba 1542. Baadaye Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe Katharina walipaswa kushukuru tu kwa jinsi binti yao alivyoondoka, lakini hawakuweza kushukuru bila kulia. Huyu ndiye aliyetuandikia Katekisimu Ndogo, ili wazazi wawafundishe watoto wao nyumbani. Aliamini ufufuo kwa moyo wote, na alilia.

Watoto wanahitaji kuona hayo mawili kwa mtu mmoja. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alichokataa ni huzuni ya watu wasio na tumaini. Basi tuseme wazi: Bibi amekufa. Hapumui tena, haumwi tena, hasikii baridi. Tutamzika, na tunalia kwa sababu tunampenda. Tunaamini kwamba Yesu aliyetoka kaburini atamfufua na bibi. Mtoto akiuliza ni lini, jibu ni kwamba hatujui. Akiuliza kama bibi atamtambua, mwambie unavyoamini, na usiogope kukiri pale ujuzi wako unapoishia. Mtoto akikusikia ukisema hujui, atakuamini zaidi utakaposema unajua.

Wazee wengi wataniambia kwamba watoto wataogopa. Lakini wameshaliona turubai, wameshaona masufuria makubwa na macho mekundu ya baba. Kinachowatisha zaidi ni kile wanachokitunga wenyewe gizani. Simaanishi kumlazimisha mtoto aage mwili. Aulizwe, na akikataa aachwe. Ila akitaka kwenda makaburini, asimame karibu, amwone mchungaji akitupa udongo mara tatu, na ayasikie maneno ya ufufuo yakisemwa pale pale shimoni.

Msiba ukitokea, wazee wa kanisa hugawana kazi: viti, chakula, kwaya, daftari la rambirambi. Naomba liongezwe jina moja, la mwalimu wa shule ya Jumapili atakayekaa na watoto wa marehemu. Awaeleze kabla jeneza halijafika watakachokiona, na atakayependa kwenda makaburini amshike mkono. Kisha awarudie matanga yakishaanuliwa na wakubwa wakisharudi kazini, kwa sababu maswali mengi ya watoto huja wakati huo, nyumba ikiwa imebaki na watu wachache.