MPAGAZI WA USUKUMA HANA JIWE

Mgeni wa Ulaya akitaka kumjua babu yake aliyehamia Afrika, kazi yake ni nyepesi. Huchukua jina la ukoo, huenda makaburini, husoma jiwe. Mishonari Alexander Mackay alikufa Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1890. Mwaka 1927 mifupa yake ikafukuliwa, ikapelekwa Namirembe, Uganda. Hatumwonei kijicho, maiti ni maiti.

Lakini mwaka huo huo 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya Askari Dar es Salaam, wakawasifu wapagazi, wakaahidi kwamba afaye vitani watoto wake watalikumbuka jina lake. Jina gani? Sanamu ile haina hata jina moja la mpagazi!

Wajerumani waliwachukua vijana wa Usukuma kubeba mizigo ya vita. Mwanza ilipotekwa Julai 1916, Waingereza nao wakawachukua. Walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa, wakazikwa njiani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe: marehemu 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Fikra iliyotawala ni ipi? Gavana Guggisberg wa Gold Coast alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida hataelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Haya akamwambie Msukuma anayetambikia babu zake!

Wengine hutoa udhuru kwamba Msukuma hana jina la ukoo. Upuuzi mtupu. Ng'wana Mabula ni mtoto wa Mabula. Mabula ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Na mjukuu hupewa jina la babu ili lisipotee. Kasoro ni ya daftari lo lote liandikalo "Mabula" tu, bila baba wala kijiji. Akina Mabula ni wengi kama dagaa.

Mwaka 2021 radhi iliombwa katika Bunge la Uingereza. Vema, lakini radhi haitaji mtu. Matawi ya Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema yakae na wazee waliosimuliwa habari hizo, ambao wamebaki wachache. Yaandike jina la mpagazi, baba yake, kijiji chake, jeshi lililomchukua, na nani amerithi jina lake. Orodha ipelekwe kwa Tume hiyo, na nakala ibaki tawini, maana karatasi zetu zikifika Ulaya zimezoea kupotea.