Sauti ya Fanani na Mikondo Yake: Somo Lililosahaulika

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ambayo aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, yawafaa pia wataalamu wa Fasihi Simulizi. Mali yao ni sauti: mahadhi ya mghani wa utenzi, kimya cha mtambaji kabla ya kufichua siri ya ngano, kiitikio cha hadhira. Karatasi pekee haitoshi kuwa daftari la mali hiyo. Maandishi huhifadhi maneno. Pumzi, kiimbo na kicheko hubaki nje.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa nadharia na mbinu za mahojiano, ilhali ni nadra kufunzwa namna ya kunasa sauti. Huenda nyanjani na simu, akaiweka juu ya meza, akarejea na rekodi ambamo fanani, jogoo, upepo na redio ya jirani vimeingia pamoja. Sauti zikishachanganyika hivyo huwa kama chumvi katika mchuzi: kuionja ni rahisi, kuitoa ni kazi pevu. Mwaka unaofuata fanani huenda asiwepo tena, na rekodi hiyo ndiyo itakayobaki.

Kisingizio kinachotolewa ni uhaba wa fedha. Kisingizio hicho kimepungua nguvu tangu zienee programu huria. Mfano mmoja ni Mixxx, programu ya wachezesha muziki iliyoanza mwaka 2001 katika utafiti wa shahada ya uzamifu. Hupatikana bila malipo, nayo hufanya kazi kwenye tarakilishi za Windows, macOS na Linux. Wengi huiona kuwa chombo cha disko tu. Kwa hakika, yaweza kuwa mwalimu mzuri wa jambo ambalo mtafiti hana budi kulijua, yaani mikondo ya sauti.

Katika mipangilio yake, mtumiaji huamua kila sauti inaingilia wapi na inatokea wapi. Kipazasauti hupewa mlango wake, kicheza kaseti mlango mwingine. Mkondo mkuu huelekezwa kwenye spika, na mkondo wa pili kwenye vipokea sauti vya masikioni vya msimamizi. Kinachonaswa ni mkondo mkuu. Kwa sababu hiyo, kile anachokisikiliza msimamizi masikioni pekee hakiingii katika rekodi. Na kipazasauti ambacho hakikupewa mlango hakitanaswa hata fanani akipaaza sauti namna gani. Aidha, mikondo hiyo miwili ya stirio huhitaji njia 4 za kutolea sauti, ambazo kadi ya kawaida ya tarakilishi aghalabu haina. Kadi ya ziada ya USB huweza kuziba pengo hilo.

Faida yake yaonekana wazi katika kaseti za taarabu na mawaidha zinazochakaa majumbani. Waya mmoja kutoka kwenye kicheza kaseti hadi mlango wa sauti wa tarakilishi watosha kuanza kuziokoa, mradi mlango huo uwe wa kupokea sauti. Hapo huzuka swali la aina ya faili. Rekodi ya WAV yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia mbili, huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, karibu 635 kwa saa. MP3 huwa ndogo kwa kuwa hutupa sehemu ya sauti. Nakala ya makavazi basi na iwe WAV, au FLAC ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote. MP3 ibaki kuwa nakala ya kusambazia.

Yamkini watakuwepo wa kupinga kwamba chombo cha wachezesha muziki hakimfai msomi. Wana hoja: Mixxx hunasa mchanganyiko mmoja tu. Anayetaka kila mlumbi awe katika njia yake, kwa mfano katika malumbano ya utani, atafute programu ya kuhariri sauti kama Audacity, pamoja na kadi ifaayo. Lakini hoja hiyo yazidi kuthibitisha haja ya somo lenyewe, kwani asiyejua mikondo hawezi hata kuchagua chombo.

Zaidi ya hayo, kunasa ni amana. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni yatambua haki za jamii zinazomiliki sanaa hizo. Idhini ya fanani itangulie kitufe cha kunasa.

Idara za Kiswahili hazihitaji studio ya mamilioni. Zinahitaji tarakilishi moja, kipazasauti, kadi ya sauti, na wiki mbili katika muhula wa Fasihi Simulizi. Wanafunzi nao, wakijifunza, waviite vitu hivi kwa Kiswahili: mlango, mkondo, njia, mkondo mkuu. Lugha iliyobeba tenzi kwa karne kadhaa haitashindwa na waya. Kinachoweza kuishinda ni uzembe wa warithi wake.